Mwali Hajala

Lindi, Mikumbi
Jumapili, 6 Februari 1994

Leo asubuhi kabla ya misa mama mkwe wangu alinigongea mlango. Hajafanya hivyo tangu tulipomzika mke wangu Rosemary mwezi wa Juni. Kwetu mume wa binti na mama mkwe hawazoeani. Tunasalimiana ukuta ukiwa katikati, na chakula changu anakiweka barazani, akishaondoka ndipo nakifuata. Nilipofungua nilimkuta kasimama pembeni, uso kaugeuzia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eusebio, yule mdudu wenu kafa. Kalala chali. Mtoe humu kabla hajanuka."

Mdudu ni Mwali, buibui wa Rosemary. Alimfukua miaka mitatu iliyopita akichimba karanga kwao Nyangamara, mdogo kama punje ya harage, akamleta mjini kwenye kibiriti. Sasa akitandaza miguu anafunika kiganja changu. Anakaa sebuleni dirishani, kwenye mtungi mkubwa wa kioo uliokuwa wa peremende dukani, nusu yake udongo, na shimo kalichimba mwenyewe. Rosemary alimwita Mwali kwa sababu hatoki nje, kama binti aliyewekwa ndani.

Kweli alikuwa chali, miguu imekunjamana. Nilishakwenda kuchukua jembe ndipo nikakumbuka daftari la Rosemary. Alikuwa mwalimu, kila kitu alikiandika. Ukurasa wa kwanza: "Akilala chali hajafa. Anajivua. Asiguswe, asipulizwe, asihamishwe."

Nikarudisha jembe. Misa sikwenda.

Jumatatu, 7 Februari

Katoka. Ganda la zamani liko pembeni, zima, na miguu yake minane, utadhani ni buibui wa pili. Yeye mwenyewe ana rangi ya binzari mbichi. Meno yake meupe kama ya mtoto.

Ofisini mvua mm 6. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa ofisi ya kilimo: kila siku saa tatu asubuhi nasoma kipimo cha mvua, naiandika, halafu napiga chapa barua za wakubwa.

Ijumaa, 11 Februari

Meno yamekuwa mekundu. Daftari linasema yakishakuwa meusi yamekomaa. Hajala, na hatakiwi kula bado.

Alhamisi, 17 Februari

Siku ya kumi. Meno meusi. Daftari: "Kajivua mara ya tano. Siku tisa hakula. Ya kumi kala panzi." Nikamtilia panzi wa majani. Alimwangalia tu.

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu, na jirani yetu Mwanaima yuko kwenye Ramadhani. Nyumba mbili, kila mtu kafunga, na Mwali naye.

Jumapili, 20 Februari

Hajala. Mm 18.

Jumanne, 22 Februari

Hajala. Nimesikia mama akimwambia mtu wa gari la Nyangamara: "Mfikishie kaka yangu Kornelio. Mwambie habari ya mkwe, mvua zikiisha." Mengine sikuyasikia, walikuwa wameshafika barabarani.

Kornelio ni mjomba wa marehemu. Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Nimeelewa. Mvua zikiisha nitafunguliwa matanga, nitaambiwa nikusanye vyangu. Nyumba ni ya mama. Sina hoja. Lakini angeweza kuniambia mwenyewe.

Alhamisi, 24 Februari

Siku ya kumi na saba. Tumbo lake limeanza kunywea.

Nimekutana na Brighton sokoni. Tulisoma wote, sasa anafanya kazi kwa tajiri wa Dar anayesafirisha wanyama hai Ulaya: vinyonga, majongoo, mijusi, buibui. Siku hizi kila kitu ni biashara huria. Kapita Kilwa yote hadi Kiswere akikusanya, na sasa kakwama hapa, maji ya Mbwemkuru yamekata barabara. Nilimweleza habari za Mwali. Macho yakamtoka.

"Jike? Ukubwa huo? Kaka, wa hivyo mimi sijapata hata mmoja." Halafu: "Hali kwa sababu unamdekeza. Mtie nyenje watatu wakubwa, waache humo humo. Njaa ndiyo dawa."

Jumapili, 27 Februari

Nimemsikiliza Brighton, na heri nisingemsikiliza.

Jana jioni nilimtilia nyenje watatu. Leo asubuhi nimekuta nyenje wawili wanamtembelea mgongoni na wa tatu kashika mguu wa nyuma wa kushoto, anautafuna kwenye kiungo. Mwali hajitetei. Anausogeza tu ule mguu, anaurudisha. Tone la maji ya buluu lilikuwa limetoka. Sikujua kama buibui ana damu, na kwamba ni ya buluu.

Niliwatoa nyenje kwa kijiti. Tone likaongezeka. Nikatafuta kwenye daftari, hakuna. Rosemary hakuwahi kumwumiza.

Nyuma yangu mama akasema, "Mtie unga."

Nikageuka. Alikuwa mlangoni, kashika ungo wa unga na mwiko, kaangalia chini.

"Unga gani, mama?"

"Wa muhogo. Kuku akikatika ukucha tunamtia. Utakamata damu."

Akamimina unga kidogo kwenye karatasi, akaisukuma kwangu kwa ncha ya mwiko, akaondoka. Nikamnyunyizia kwa unyoya. Damu ikakatika. Ncha ya mguu imekwenda.

Jumatano, 2 Machi

Hajala. Mm 41. Bati la ofisini linavuja kwenye mafaili.

Ijumaa, 4 Machi

Hajala. Siku ya ishirini na tano. Maji anakunywa, kidogo sana. Ngozi ya tumbo imekunjamana kama zabibu kavu.

Jumamosi, 5 Machi

Orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa imebandikwa jana saa tisa. Nimo. Mwisho wa Aprili. Mzee wa stoo, aliyefanya kazi hapa tangu Uhuru, alisoma jina lake mara mbili, kisha akaenda kufunga madirisha ya stoo kama kila siku.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nini? Kwamba hata angenibakiza sina cha kuleta nyumbani?

Jumatano, 9 Machi

Hajala. Mm 63, sijawahi kuandika kiasi hicho.

Brighton kaja ofisini kanyeshewa chapachapa. Kasikia habari za orodha. Hakuzunguka.

"Tajiri anatafuta mtu wa kuandika wanyama pale kituoni Dar. Mwenye mwandiko, mwenye subira. Wewe. Nikifika na yule jike wako mkononi, nikamwambia huyu ndiye aliyemlea, kazi umepata siku hiyo hiyo."

"Hali, Brighton. Anakufa."

"Kwangu atakula. Mimi ndiyo kazi yangu. Kwako ndipo atakufa, ukikaa unamlilia."

Nikamfikiria mjomba Kornelio akikaa kwenye mkeka mvua zikiisha. Nikasema: "Barabara ikifunguka, njoo umchukue."

Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, na naiacha hapa ilivyo. Nimesema.

Alhamisi, 10 Machi

Hajala.

Jumamosi, 12 Machi

Nilikwenda kwa Brighton bila kumwambia, nione atakapokaa Mwali. Kapanga chumba mtaa wa Ndoro. Mlango ulikuwa wazi, yeye kaenda kuulizia barabara.

Harufu ilinipiga kabla sijaingia. Magunia ukutani, vinyonga ndani, waliokufa wamewalalia walio hai. Makopo ya maziwa yamepangwa, kila moja limetobolewa tundu. Nikafungua matano. Buibui watano, wote wamekunja miguu chini ya kifua. Wa sita alisogea. Kwenye kopo lake kulikuwa na nyenje mzima, mnono.

Nilitaka kulichukua lile kopo. Sikulichukua. Nilifunika vizuri nikatoka, na hadi sasa najiuliza kwa nini nilifunika.

Jumanne, 15 Machi

Jana Idi, Mwanaima katuletea pilau. Leo siku ya thelathini na sita, hajala.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama kakaa sebuleni, kiti kakiweka mbele ya mtungi, kitambaa cha altare anachokidarizi kiko mapajani. Aliponiona hakuinuka.

"Yule kijana wa wanyama alikuja na sanduku. Anasema mmekubaliana. Anasema barabara itafunguka wiki hii, anataka kumfunga mapema."

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nikamwambia mwenyewe hayupo. Akasema mwenyewe ni wewe na wewe umekubali. Nikamwambia mwenyewe ni Rosemary, na Rosemary hayupo." Akapitisha sindano. "Akataka kupita. Nikamwonyesha mkasi."

Nilidhani mama huyu anaomba mdudu afe.

"Umekubali kweli?" akauliza.

"Nimekubali."

"Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya orodha. Nilimwambia nikiangalia sakafu, naye aliangalia kitambaa. Akamaliza petali nzima ya ua.

Kisha akasema: "Eusebio, huyu hakatai chakula. Mchana ukiwa kazini namwangalia. Simpendi, nikimwona mwili unanisisimka, lakini namwangalia. Anamrukia panzi, anamkumbatia, halafu anamwachia. Asiyetaka kula hakumbatii. Huyu anataka na hawezi. Kuna kitu mdomoni."

Mwezi mzima nimekuwa nikiandika "hajala" jioni, basi. Sikuwahi kukaa mchana kuangalia.

Jumatano, 16 Machi

Nimeazima lenzi ya ofisini, ya kuangalia wadudu wa mikorosho. Saa kumi jua lilichungulia kidogo, Mwali akapanda kwenye kioo, tumbo na mdomo vikiwa upande wetu. Nikaona. Kipande cha ganda la zamani kimebaki katikati ya meno, kimeyafunga pamoja kama uzi. Hayafunguki. Nikampa mama lenzi, nikaiweka mezani, akaichukua.

"Kama nyuzi zilizosokotana," akasema. "Zinafunguka zikilowekwa."

"Anauma, mama. Rosemary aliandika kwamba mwalimu mwenzake aliumwa na wa aina hii, mkono ulimvimba siku nne."

"Kwa hiyo unamngoja afe?"

Alhamisi, 17 Machi

Hajala. Hawezi kupanda kioo tena.

Ijumaa, 18 Machi

Anaburuza miguu ya nyuma. Mm 29. Mwanaima ana friji, anauza barafu za mifuko. Nilipokuwa mdogo kwetu Tingi tuliona mijusi wakipooza asubuhi za baridi. Nimemwuliza mama kama buibui naye akipozwa atalegea. "Kila chenye damu kinalegea," akasema. Kesho.

Jumamosi, 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Naandika polepole nisiache kitu.

Saa nne mwanga ulikuwa mzuri. Tulisogeza meza dirishani. Mwanaima alileta barafu mbili, akasema yeye haangalii, akakaa uani akisoma dua kwa sauti ili tujue yupo. Nilimhamishia Mwali kwenye bakuli la bati kwa kijiko cha mbao. Zamani angeinua miguu ya mbele na kutisha. Leo alipanda kijiko kama mgonjwa anayepandishwa machela. Nikaliweka bakuli juu ya barafu, nikalifunika kwa khanga. Tukahesabu dakika kwa saa yangu. Ya kumi na mbili nikafunua. Alikuwa hai, lakini mzito.

Nikavaa soksi mikononi. Nikamfunga na kitambaa kibichi mpaka kifuani, nikamgeuza, nikamshika hivyo, vidole viwili kila upande. Alikuwa mwepesi mno. Nilijua amekonda, sikujua kwamba amebaki hewa.

Mama akavaa miwani. Akachagua sindano yake nyembamba kuliko zote, ile ya maua ya altare, akaichoma kwenye kibatari, akaipoza. Kisha akasita. Kunifikia ilibidi akae ubavuni mwangu, bega kwa bega, kichwa chake karibu na changu. Miaka sita nimekuwa mkwe wake, hata kivuli chake sijawahi kukikanyaga.

"Rosemary atatusamehe," akasema, akakaa.

Alidondosha maji ya vuguvugu kwa pamba, tone, tone lingine. Tukangoja. Akadondosha tena. Kijipande kikaanza kuwa laini. Akaingiza ncha ya sindano chini yake. Mikono yangu ilitetemeka, yake haikutetemeka.

"Tulia mwanangu. Ukitetemeka nitamchoma."

Akavuta. Kikaja kidogo, kikakwama. Akadondosha maji. Akavuta kutoka upande mwingine. Mwali akaanza kupata joto la vidole vyangu, nikahisi miguu inasukuma kitambaa.

"Anaamka, mama."

"Namwona."

"Mama, anaamka."

"Nimesema namwona. Usimwachie."

Mguu mmoja ukachomoka, ukashika kidole cha mama. Nilimsikia anavuta pumzi. Hakuuondoa mkono. Akasokota sindano mara moja, kama anayefunga fundo, kikatoka. Hapo hapo kikasikika kitu kama kijiti kinavunjika. Jino la kushoto lilikuwa limekatika nusu, likatoka pamoja na ganda.

Nilimrudisha mtungini. Alikaa pale nilipomweka.

Mama alikuwa anaangalia kijijino kwenye ncha ya sindano. "Nimemvunja," akasema. Kisha akaanza kulia, si kilio cha msibani, cha msibani alikuwa kakilia chote. Hiki kilikuwa cha mtu aliyechoka. "Na mwanangu yule nilimshika hivi hivi. Siku ya tatu ya homa. Nilimshika kichwa, nikamwambia kunywa, hata uji wa maji. Meno kayauma. Nilijaribu kuingiza kijiko. Sikuweza, Eusebio. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta gari. Sikukwambia."

Sikujua. Miezi tisa tumeishi nyumba moja, na sikujua.

Nilimwambia: "Mama, hakuna aliyeweza."

Mwanaima uani alikuwa amenyamaza.

Jumapili, 20 Machi

Hajala. Yu hai.

Jumanne, 22 Machi

Hajala. Mama anasaga tumbo la panzi kwa kijiko, analiweka mbele yake. Asubuhi tunalitoa limekauka.

Alhamisi, 24 Machi

Hajala. Mm 70. Barabara ilifunguka siku mbili, imefungwa tena.

Jumapili, 27 Machi, Matawi

Hajala. Kanisani sikuweza kuimba.

Jumanne, 29 Machi

Nilipofika mlangoni mama alinyanyua mkono, nisiongee. Nikatembea kwa vidole. Mwali alikuwa ameinama juu ya panzi aliyesagwa, jino lake moja limezama ndani. Hasogei, ila ukiangalia sana unaona kitu kinapanda na kushuka, kidogo, kidogo.

Tulisimama hadi giza likaingia chumbani, hakuna aliyekwenda kuwasha taa. Siku ya hamsini tangu ajivue. Kala.

Jumapili, 3 Aprili, Pasaka

Kala tena. Mama kanialika mezani. Tumekula wali kwa samaki pamoja, meza moja, sote tukiwa na aibu.

Jumatatu, 11 Aprili

Barabara imefunguka. Brighton kaja na sanduku, kakonda, macho mekundu. Nilimwambia sitoi.

"Ulinipa neno, Eusebio."

"Nilikupa. Nimelirudisha."

"Na kazi?"

"Mpe mwingine."

Akaingiza kichwa dirishani akamtazama Mwali. "Kumbe kilema. Jino moja, mguu hauna ncha. Nani Ulaya atanunua?" Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. Akasema wa kwake wote wamekufa isipokuwa mijusi, na hajui atamwambia nini tajiri. Sikumchukia. Nilimpa chai. Nilimwambia wengine atakaowapata wasitiwe nyenje wazima baada ya kujivua. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, 16 Aprili

Mjomba Kornelio kafika na wazee wawili. Mkeka ukatandikwa. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu sandukuni.

Mjomba akasema: "Mwanetu, mvua zinaisha. Mjane wa kiume hakai kwenye nyumba ya wakwe kama nguzo. Kwa haki mimi nilitaka kuja tangu Februari. Dada yangu ndiye aliyeniletea ujumbe, nisikanyage hapa mpaka mvua ziishe, mkwe wake msiba umemlemea, bado hajaweza kutembea."

Nilimwangalia mama. Alikuwa akitazama mikono yake.

Ujumbe ule. Nilisikia nusu ya sentensi, nikaishi nayo miezi miwili.

Mjomba akamwuliza: "Na sasa, dada?"

"Sasa anaweza," mama akasema. "Mfungue aende. Ni mdogo, aoe, apate watoto. Mimi sitamfunga." Sauti ilikwaruza kidogo. "Ila kuna kitu kimoja hatoki nacho. Yule mdudu unaniachia mimi, Eusebio."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza ni mdudu gani.

Nilisema ndiyo. Kisha nikatoka uani, nikasimama nyuma ya jiko mpaka nilipoweza kurudi.

Jumamosi, 30 Aprili

Jana nilisoma kipimo kwa mara ya mwisho, hakikuwa na kitu. Nikaandika sifuri, nikakabidhi ufunguo. Nakwenda Tingi kwa kaka yangu Lukas, ana ufuta wa kuvuna na hana mtu.

Gari linaondoka saa moja, naandika nikilingoja stendi. Asubuhi nilimwonyesha mama kila kitu: maji kila siku, chakula mara mbili kwa wiki, asimshike kamwe.

"Maji najua," akasema. "Panzi najua. Kiangazi panzi wakiisha?"

"Mende, mama."

Akaniangalia usoni. "Mende? Nyumbani kwangu hakuna mende, Eusebio. Hajawahi kuonekana hata mmoja."

"Najua, mama."

Akafikiri. Akakunja kitenge kiunoni, akatazama ng'ambo ya uzio.

"Kwa Mwanaima wapo," akasema. "Nitakwenda kumwomba."